Jengo la Kale Lilindwe Fundi Angali Juu ya Jukwaa

Watu wengi hudhani kwamba jengo la kale huwa katika hatari kubwa zaidi pale linapoachwa tupu, popo wakaingia na mibaazi ikaota ukutani. Hiyo ni hatari, hapana shaka, lakini ni ya pole pole. Hatari ya ghafla huja siku ile mafundi wanapowasili na nyundo zao, wakatundika jukwaa, na kila mtu akashukuru kwamba sasa nyumba itapona.

Tazama Beit al-Ajaib ya Unguja. Ilijengwa na Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 ikapigiwa mizinga na manowari za Waingereza, katika vita ambavyo havikutimiza hata saa moja. Jirani yake, Beit al-Hukm, ikabomoka. Mnara uliosimama mbele yake ukaharibiwa. Yenyewe ikabaki wima. Baadaye ikawa ofisi za serikali, ikayaona Mapinduzi ya 1964, ikaja kuwa makumbusho. Mwaka 2012 sehemu yake iliporomoka, wageni wakazuiwa kuingia. Hatimaye msaada ukapatikana kutoka Oman, kazi ya kuitengeneza ikaanza. Na tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, upande wake wa mbele ukaanguka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walikufa. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Nyumba iliyostahimili mizinga ya mfalme wa bahari haikustahimili kutengenezwa! Hilo ndilo jambo ninalotaka tulitafakari leo, wasomaji wangu, maana pwani yetu yote, tangu Lamu mpaka Kilwa, imejaa nyumba zinazongoja mafundi. Rai yangu ni fupi: sheria za ujenzi zisimamiwe wakati kazi inaendelea, hatua kwa hatua, na usimamizi huo uanze na wenye nguvu kabla ya kuwafikia wanyonge. Sheria inayokuja baada ya kazi kwisha huja kutoa rambirambi tu.

NYUMBA ZETU ZIMESHIKANA

Mtu asiyejua tabia ya nyumba hizi huenda akaona kwamba nakuza mambo. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, zenye kuvuta unyevu na kuutoa. Dari zetu ni boriti za mikoko, na juu yake mawe na sakafu ya chokaa. Boriti ya mkoko haivuki upana wa zaidi ya kama futi tisa, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Ukuta hushika boriti, na boriti hushika ukuta. Tena nyumba hii huegemea ile, na ile huegemea nyingine, mtaa mzima ukawa kama safu ya waumini waliosimama bega kwa bega.

Sasa fundi akiziondoa boriti zote kwa siku moja, kuta mbili zilizokuwa zimeshikana kwa miaka mia na zaidi zinaachwa peke yake. Akifungua paa kisha masika yakamkuta, maji huingia moyoni mwa ukuta na kuiyeyusha ile chokaa kongwe. Akipaka saruji nje kwa kuwa saruji ni ngumu na yang'ara, unyevu hukosa njia ya kutokea, chumvi hukusanyika ndani, na ukuta hulika taratibu huku uso wake ukionekana mzima. Na akimwaga zege mahali pa dari ya boriti, humtwisha mzee wa miaka mia mbili gunia ambalo hakuwahi kulibeba alipokuwa kijana.

Hakuna hata moja kati ya makosa haya ambalo huonekana katika ramani iliyopigwa muhuri ofisini. Ramani yaweza kuwa safi kabisa. Kosa hutendeka Jumanne saa nne asubuhi, fundi akiwa juu, mwenye nyumba yuko safarini, na mkaguzi yuko mezani kwake.

SWALI LA KIJANA WA MKOMANI

Naandika haya nikiwa Gataka, upande wa Kajiado, ambako mimi na wapwani wengine kadha tumeletwa na riziki. Hapa mpaka Kitengela ghorofa zinaota kama uyoga. Leo ni uwanja wa nyasi, mwezi ujao ni nguzo za zege, na kabla ya Ramadhani kufika kumeanikwa nguo katika ghorofa ya nne. Vijana wetu wanaoishi huku huyatazama haya kila siku, na wengi wao ndio wanaotuma fedha nyumbani za kukarabati nyumba za urithi. Fedha zikisafiri, fikira nazo husafiri.

Kijana mmoja wa Lamu, mtaa wa Mkomani, alinijia na ramani mkononi. Akaniambia, "Ami, nyumba ya nyanya yetu twataka kuiondoa ile dari ya boriti tumwage zege, kisha tuinue ghorofa mbili tupangishe wageni. Huku bara hakuna anayemwuliza mtu. Kwani Lamu kuna nini? Nyumba si yetu?"

Nilimjibu kwamba hata huku bara sheria iko. Kuna Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019, inayoipa kaunti uwezo wa kutoa na kunyima idhini ya ujenzi na wa kumwamuru mtu asimamishe kazi. Kuna na mamlaka ya taifa ya ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kinachokosekana ni mtu wa kushuka garini na kusema "simama". Na matunda ya ukosefu huo tumeyaona. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, ghorofa ya Huruma mjini Nairobi iliporomoka na kuua makumi ya watu. Wakuu wa serikali walisema baadaye kwamba jengo hilo lilikuwa limekwisha kuwekewa alama ya kubomolewa. Alama ilikuwapo, na wapangaji walikuwamo vile vile. Alama isiyofuatwa na mtu ni rangi tu.

Ama kuhusu Lamu, nilimwambia, mambo ni mazito zaidi. Mji ule ulipangiwa hifadhi tangu 1986, ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na juu yake kuna Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Lakini hata sheria hizo zote zikifutwa kesho, jirani yako atabaki. Ghorofa zako mbili zitachungulia kiwanda chake, mahali ambapo mama na dada zake hukaa bila ya buibui. Na ukuta utakaoutwisha zege ni wake pia. Nyumba ni yenu, lakini sitara na usalama ni vya mtaa.

SHERIA HIZI SI MGENI KWETU

Hapa ndipo ninapogombana na wale wanaosema kwamba kanuni za majengo ni mambo ya Wazungu, yaliyoletwa na mabwana wa mipango miji na watu wa UNESCO. La hasha. Sisi tuliosomea chuoni, tukakaa mkekani mbele ya mwalimu, tulifundishwa mapema kwamba madhara hayaruhusiwi, na yakitokea huondolewa. Kutokana na msingi huo mafakihi walitoa hukumu nyingi za majengo. Katika karne ya 14 alikuwako Tunis mwashi aitwaye Ibn al-Rami, fundi wa mikono hasa, ambaye kadhi alikuwa akimtuma kwenda kutazama kuta zinazogombaniwa. Aliandika kitabu kizima juu ya hukumu hizo: ukuta wa shirika, dirisha linalochungulia, mfereji unaomwagia jirani, moshi wa tanuu. Yeye alikuwa wa madhehebu ya Maliki, nasi ni Shafii, lakini msingi ni mmoja.

Angalieni pia jinsi alivyotumiwa. Kadhi hakuridhika na maneno ya wagombanaji wala na karatasi zao. Alimtuma mtu anayejua chokaa aende akatazame kwa macho yake. Na katika miji ya Kiislamu alikuwako muhtasib, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka. Alipima mizani sokoni, na ukuta ulioinamia njia aliamuru mwenyewe auondoe kabla haujamwangukia mpita njia. Hakungoja kuletewa malalamiko.

Wazee wetu waliojenga Lamu walizijua kanuni hizi bila ya kuandikiwa. Madaka hayakutazamana uso kwa uso. Madirisha hayakufunguliwa kiholela njiani. Aliyetaka kuvuka njia kwa wikio alielewana kwanza na wa upande wa pili. Hivyo tunaposema leo kwamba fundi asiinue ukuta bila idhini, hatuigi mtu. Tunadai chetu.

KARATASI NA KALIBU

Tatizo letu, basi, haliko katika kukosa sheria. Zanzibar ina mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe tangu 1985, na mji wenyewe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Mombasa, Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1990, ukapewa ofisi yake. Karatasi tunazo za kutosha kufungia bajia mpaka kiama.

Lakini tutazame yaliyotokea Shangani, Unguja, kwenye nyumba ya Mambo Msiige. Ni nyumba ya katikati ya karne ya 19, na jina lake lenyewe ni tahadhari kwa wanaotaka kujaribu. Kwa miaka mingi ilikuwa makao ya balozi wa Uingereza. Katika miaka ya 2010 ikatolewa kufanywa hoteli ya kifahari, na ubavuni mwake pakajengwa jengo jipya kubwa juu ya uwanja uliokuwa wazi, ukingoni mwa bahari. Kamati ya Urithi wa Dunia ikalalamika. Wajumbe wakaja, wakaonya kuhusu ukubwa na urefu wa jengo hilo jipya, barua zikaenda na kurudi. Maonyo yalikuwa kwenye karatasi, na zege lilikuwa kwenye kalibu. Mwaka 2015 hoteli ikafunguliwa. Nyumba ya kale imetengenezwa vizuri, hilo sikatai, na wageni huisifu. Lakini kila mtu wa Mji Mkongwe alijifunza somo moja: ukiwa mkubwa, jenga kwanza, mazungumzo yatafuata.

Somo hilo ni sumu. Kwa sababu mtaani, hatua chache kutoka hapo, mjane akitaka kubadili dirisha lililoliwa na mchwa huambiwa asubiri kikao. Akiweka bati mahali pa paa linalovuja, huandikiwa barua. Mimi sisemi kwamba mjane aachwe aweke bati. Nasema kwamba mjane huyo haoni sheria mbele yake, bali aona ubaguzi, na mtu hawezi kuiheshimu sheria inayomjua yeye peke yake. Ndiyo maana siku hizi watu hutengeneza usiku, au siku za Idi ofisi zikiwa zimefungwa. Ukuta unaojengwa kwa kujificha ndio ukuta mbaya kuliko zote, kwa kuwa hauna anayeukagua.

ANAYEKATAZA NA ATOE NJIA

Najua jawabu la wenye nyumba, na ni jawabu lenye uzito. Husema, "Nyinyi waandishi na watu wa makumbusho mwapenda nyumba zetu kwa macho, sisi ndio tunaolala ndani yake mvua ikinyesha." Nyumba ya urithi huenda ina warithi ishirini, kumi wako Mombasa, watano Maskati, na aliyebaki ndani hana kitu. Chokaa nzuri ni ghali kuipata, waashi wanaojua kuipika na kuirojoa wamezeeka, na saruji inauzwa dukani pembeni.

Boriti nazo zina kisa chao. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, wakataji wa mikoko wa Lamu walikaa mikono mitupu hadi marufuku hiyo ilipolegezwa kwao. Hapo mwenye nyumba alijikuta kati ya amri mbili: mkono mmoja wa serikali wamwambia asiweke zege, aweke boriti, mkono wa pili wamwambia boriti ni haramu. Msitu lazima utunzwe, sipingi. Ila mtu akifungiwa mlango wa halali na wa haramu ukaachwa wazi, tusishangae atakapopitia.

Kwa hiyo nasema ukali wa sheria uende pamoja na msaada. Na jambo hili linawezekana. Hospitali kongwe ya Tharia Topan kule Unguja, iliyoanza kujengwa mwaka 1887, ilikuwa katika hali ya kusikitisha. Katika miaka ya 1990 shirika la Aga Khan liliitengeneza kwa uangalifu, na roshani zake za mbao zingali zinatazama bahari. Ngome ya Lamu, iliyokuwa gereza mpaka 1984, ilifanywa makumbusho, na leo watoto huingia mahali ambapo baba zao walipita wakiinamisha vichwa. Waliofanya kazi hizi hawakuwa malaika. Walikuwa na fundi anayejua, chokaa inayofaa, na msimamizi aliyekuwapo.

Neno moja niwaambie na ndugu zangu wa kamati za misikiti, nami nawaambia kwa mapenzi. Mfadhili akija na fedha zake akataka msikiti wa kale uvunjwe ujengwe mpya wenye vigae vya kung'aa, nia yake huwa njema na thawabu yake iko kwa Mola wake. Lakini msikiti nao umo ndani ya sheria ya mtaa. Msikiti wa Mandhry pale Mombasa, ambao huhesabiwa kuwa wa mwaka 1570 hivi, ungali wasaliwa, na mnara wake mnene haujamzuia mtu kuipata jamaa. Ikiwa sisi wenyewe tutaomba kusamehewa sheria kwa kuwa kazi yetu ni ya dini, tutamwambia nini mwenye hoteli?

YAFAAYO KUFANYWA

Mambo manne nayaona yafaa, wala hayahitaji sheria mpya.

Kwanza, idhini isitolewe kwa mkupuo mmoja. Itolewe kwa hatua: ya kuegemeza kuta, ya kufungua paa, ya kuta, ya dari, ya lipu. Mkaguzi akiona hatua ya kwanza imekaa sawa, ndipo aruhusu ya pili. Na mkaguzi huyo awe mtu anayeweza kushika chokaa akajua kama imeiva.

Pili, mlangoni pa kila nyumba inayotengenezwa pawekwe ubao wa Kiswahili, wenye maneno machache: ghorofa ngapi zimeruhusiwa, vifaa gani, na mpaka lini. Hapo mtaa mzima utakuwa muhtasib. Wazee wanaokaa barazani kuanzia alasiri hadi magharibi wana macho kuliko ofisi yoyote, ila hawajui kilichoandikwa katika faili.

Tatu, amri ya kusimamisha kazi itekelezwe siku ile ile, na orodha ianze na majengo ya serikali, hoteli, na kazi zinazolipiwa na misaada ya nje. Mkubwa akisimamishwa mbele za watu mara moja tu, wadogo mia watajisimamisha wenyewe.

Nne, kila mji wa kale uwe na ghala la chokaa na boriti kwa bei ya kadiri, na vijana wafundishwe uwashi na wazee waliobaki, maana kila mwashi tunayemzika huenda na elimu yake.

Kijana wangu wa Mkomani hajaamua bado, maana warithi hawajakubaliana. Huenda ugomvi wao ukainusuru nyumba kuliko sheria! Lakini hatuwezi kuuachia ugomvi wa warithi ulinzi wa miji yetu. Nyumba hizi ni amana, tumezipokea kwa waliotutangulia na tutaulizwa habari zake. Nafunga kwa ubeti mmoja, kama ilivyo desturi yetu:

Sheria si karatasi, kufungiwa kabatini,
Ni mtu aje upesi, fundi angali kazini,
Apimaye kwa kiasi, tajiri na masikini,
Ukingoja lende chini, utazuia ni nini?